Sukari inayeyuka nyuzi ngapi? Inategemea una haraka kiasi gani

Binti mmoja wa kidato cha tano alikuja maabara saa saba mchana, wenzake wameshapanga foleni ya ugali, kashika karatasi yake ya praktiko, hata salamu yenyewe aliitoa nusu. Akaweka kidole kwenye mstari wa tatu. Pale kwenye sukari alikuwa ameandika 171, na pembeni kwa mwandiko mdogo kaongeza "imeanza kuwa njano, ikajikunja, ndo ikawa maji". Juu ya ile 171 kuna X nyekundu, chini yake mwalimu kaandika 186.

"Madam, mi nimeiona kwa macho yangu. Haikufika hata mia na themanini."

Nikamwambia nenda kale kwanza, tutaongea.

Akaenda. Mi nikabaki na ile 171, na wiki kadhaa sasa haijaniachia.

## Nani kasema 186

Niseme mapema, mimi sifundishi. Ni fundi sanifu maabara kwenye shule moja hapa Morogoro, jina tuliache, kazi yangu ni kuandaa vifaa, kuosha, kufunga makabati na kupiga kelele watu wasinuse chupa. Kusahihisha hakunihusu. Ila mirija ile nimeiziba mimi, mafuta nimeweka mimi, thamomita nimegawa mimi, kwa hiyo mtoto akipishana na jibu kwa nyuzi 15 nzima, basi ama kaona vibaya ama vifaa vimemdanganya, na hilo la pili ndo linaninyima usingizi.

Mwalimu mwenyewe wala hana ubaya. Ana karatasi ya majibu, karatasi inasema 186, ukileta 184 anakupa, ukileta 188 anakupa, 171 hakupi. Ni kazi yake. Mi nikaenda stoo kutafuta hiyo 186 imetoka wapi. Tuna kitabu kimoja kikubwa cha takwimu za kemia, jalada lilishatoka siku nyingi, nikaikuta kweli humo, 185 hadi 186. Lakini mbele ya namba kuna herufi ndogo, d. Ukirudi kurasa za mwanzo wanakwambia d maana yake kitu hicho kinavunjika kwenye joto hilo. Yaani hakiyeyuki kikabaki kilekile kama barafu inavyokuwa maji na maji yakarudi kuwa barafu, kinageuka kuwa vitu vingine kabisa na hakirudi.

Aliyeandaa karatasi ya majibu alichukua namba. Herufi akaiacha kitabuni.

Na kadiri nilivyopekua ndo vyanzo vikazidi kugombana. Kuna kinachosema 160 hadi 186, kuna kinachopanda mpaka 192. Sasa nenda kwenye asidi ya benzoiki, kila kitabu kitakupa 122 na pointi kidogo, hakuna ubishi. Naftalini, 80. Halafu sukari, kitu kinachotengenezwa kwa mamilioni ya tani kila mwaka, sukari nyeupe iliyosafishwa ambayo ni safi kuliko nusu ya kemikali zilizoko kabatini kwangu, eti hawajui inayeyukia wapi?

Hapo ndo nikaona hii kitu siiachi.

## Mrija, mpira na mafuta

Kwa ambao hamjagusa hivi vitu tangu shule, nikumbushe kwa haraka maana mambo yote yako humu.

Unasaga sukari iwe unga laini. Unachukua mrija wa kioo mwembamba sana uliozibwa upande mmoja kwa moto, mdomo wake unauchomeka kwenye unga, unaugeuza, halafu unaudondosha ndani ya bomba refu la kioo lililosimama wima mezani, unaruka ruka chini, tik tik tik, unga unashuka wote mpaka mwisho. Unatakiwa uwe milimita mbili tatu hivi, umeshikana. Ukijaza sana, unga wa chini unaanza na wa juu bado, unabaki unajiuliza uandike namba ipi. Baadaye unaufunga mrija kwenye thamomita kwa pete ya mpira, unga ukae sambamba na kichwa cha zebaki, na ile pete ikae juu kabisa mafuta yasiifikie, maana mafuta yakipata moto yanavimba na yakiugusa mpira unalegea na mrija unazama, umepoteza kila kitu.

Halafu vyote hivyo vinaingia kwenye mrija wa Thiele, ule wenye mkono uliopinda pembeni. Thiele alikuwa Mjerumani, mwanakemia, alileta hiki kifaa mwaka 1907 na mpaka leo shule zinakitumia kwa sababu hakihitaji umeme wala kukorogwa. Unapasha ule mkono, mafuta ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka, yanazunguka yenyewe. Mafuta yetu ni likwidi parafini ya famasi, ile isiyo na rangi. Siyo mafuta ya taa, tafadhali sana, majirani zetu Wakenya mafuta ya taa ndo wanayaita parafini na sitaki mtu aunguze nyumba kwa ajili yangu.

Moto wetu ni taa ya spiriti. Unausogeza, unauondoa, unausogeza. Mkono wako ndo rimoti.

Kumbukeni huo mkono.

## Thamomita kwanza

Nilianza kushuku thamomita, kila fundi huanzia hapo. Kwenye maji yenye barafu ikasoma sifuri sawasawa. Kwenye maji yanayochemka ikasoma 98 na kitu, na hapo msishangae, Morogoro tuko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, maji yetu hayafiki 100. Mtu asiyejua hilo anaweza kutupa boksi zima la thamomita nzima. Benzoiki ikayeyuka 121 na kidogo. Urea, ambayo kitabuni ni 133, ikatoka 132.

Basi thamomita haina kesi kubwa. Kuna kile kipande cha zebaki kinachobaki nje ya mafuta kwenye hewa ya ubaridi, hicho kinaifanya isome chini kidogo, na kadiri joto linavyopanda ndo inazidi kudanganya. Nikapiga hesabu ya marekebisho kwa joto la 171, nikapata nyuzi mbili, tuseme tatu ukiwa mkarimu.

Tatu siyo kumi na tano.

Nikaenda kwenye uchafu. Kanuni mnaijua, kitu kikichanganyika na kingine kinayeyuka mapema na kinachukua muda mrefu kumaliza, ndo maana watu wa dawa wanapenda hiki kipimo, paracetamol safi inatakiwa iwe kati ya 168 na 172, ukikuta kidonge kinaanza kulainika 150 ujue kuna kitu humo. Sasa sukari tunayonunua dukani huku kwetu nyingi ni ya kahawia, bado ina mabaki ya molasi, na huku Moro tuna viwanda vya sukari, Kilombero na Mtibwa vikiwemo, kwa hiyo sukari ya miwa tunaijua. Nikaijaribu ya dukani, ikaharibika mapema kabisa, vurugu tupu, rangi yenyewe hujui ni ya kuungua au ya kuzaliwa. Lakini kwenye praktiko sikuwapa hiyo. Niliwapa ya chupa, nyeupe, ya maabara. Nayo nikairudia mwenyewe pole pole, jicho kwenye lenzi.

Ikaanza kuingia njano kwenye mia sitini na kitu. Ikajikunja ikaachia ukuta wa mrija. Kwenye 170 na kidogo ikawa uji wa kahawia wenye vipovu.

Vipovu. Kitu kinachoyeyuka tu vipovu vinatoka wapi?

## Waliowahi kula

Nikaomba karatasi za darasa zima. Mwalimu akanipa, akanitazama kama mtu aliyekosa kazi.

Na hapo ndo nikakaa chini.

Waliopata 183, 184, 187, yaani waliopewa tiki, karibu wote ni wale wa meza za mlangoni. Nawajua. Ni wale waliokuwa wanaweka taa ya spiriti chini ya mkono wa Thiele na kuiacha hapohapo, mafuta yanapanda mbio, zebaki inakimbia, wanasoma, wanaandika, wanakimbilia ugali. Huyu binti ndiye aliyekuwa wa mwisho kutoka, nakumbuka nilimwambia fanya fasta nataka kufunga. Yeye alikuwa anafuata maelekezo yaliyoandikwa juu ya karatasi ileile: ukikaribia, punguza moto, joto lipande nyuzi moja kwa dakika.

Alitii maelekezo akapata X. Waliopuuza wakapata tiki.

Nikarudia mwenyewe kwa namna zote mbili. Benzoiki ukiipasha mbio inasogea nyuzi moja au mbili, na hiyo ni kwa sababu mafuta na zebaki haviendi pamoja, sawa, tunaelewa. Sukari ukiipasha mbio unapata mia themanini na kitu, kitu karibu cheupe, maji safi yanayong'aa. Ukiipasha pole pole unapata mia sabini au chini, kahawia. Chupa ileile, mrija uleule, thamomita ileile.

Nikaona nijaribu kitu kingine. Kwa kitu kinachoyeyuka kweli, ukikiweka chini kidogo ya kiwango chake na ukasubiri, hakuna kitakachotokea. Benzoiki ukiishikilia 115 unaweza kwenda sokoni ukarudi, ni unga tu umekaa. Nikaishikilia sukari kwenye 150, na hii kwa taa ya spiriti ni kazi ya mateso, unasogeza moto kwa sentimita, jasho linatoka, zebaki inataka kupanda unaizuia inataka kushuka unaisukuma. Ikakaa. Ikakaa. Halafu kona moja ya unga ikaanza rangi ya chai ya maziwa, ikasambaa, na pole pole unga ukaanza kulegea bila joto kupanda hata kidogo.

Kama sukari inalegea kwenye 150 ukiipa muda, basi 186 ni nini?

## Jirani yangu alikuwa anajua

Nyuma ya nyumba ninayokaa kuna mama mtu mzima, mtu wa Tanga, anapika kashata za karanga anasambaza mashuleni. Kashata zake haweki maji, sukari inaenda kavu kwenye sufuria, inakuwa maji yenyewe, anamwaga karanga anakoroga kama anapigana. Nikampigia shikamoo, nikamuuliza hivi bibi sukari inayeyuka ikifika wapi.

"Ifike wapi?" akaniuliza na yeye. "Mwanangu, angalia moto wako. Leo nina mkaa mzuri, inalainika haraka ikiwa bado nyeupe nyeupe, napata kashata nzuri za rangi. Siku mkaa ni ule wa unyevunyevu, moto hauna nguvu, basi inaanza wekundu kabla haijalainika, ukisubiri ilainike yote imeshakuwa chungu."

Nikamwambia bibi rudia.

Akarudia, akanionyesha na mwiko, sukari ya pembeni inayogusa chuma na ile ya katikati bado chenga. Tena akasema huwa anaipua kabla haijafika anapotaka, kwa sababu hata nje ya moto inaendelea kubadilika rangi ndani ya sufuria. Sijui kama kuna maelezo bora kuliko hayo ya kitu kinachoenda kwa joto na muda, siyo kwa joto peke yake.

## Waliochukua swali hili mpaka mwisho

Sasa mtandaoni nikakutana na watu wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, profesa Shelly Schmidt na mwenzake Joo Won Lee, walichapisha mwaka 2011. Walianza kwa kero ileile, mbona namba za sukari hazitulii. Wao wana mashine inayoitwa DSC, ilibuniwa miaka ya mwanzo ya 1960 kwenye kampuni ya Perkin-Elmer: visahani viwili vidogo vya alumini, kimoja kina sampuli kingine kitupu, unavipasha kwa kasi unayoichagua wewe na mashine inakuchorea grafu ya joto ambalo sampuli inalimeza. Hakuna mkono, hakuna taa ya spiriti.

Wakapasha kwa kasi tofauti. Sukari ikahama, ukienda pole inaanza chini, ukienda mbio inaanza juu. Wakaweka na indiamu kama shahidi, ni metali, inayeyuka 156.6, na yenyewe haikujali kasi, ilibaki palepale. Halafu wakafanya kile ambacho mi na taa yangu siwezi, wakapima kikemia kilichomo ndani ya sukari iliyoanza kulegea, wakakuta mabaki ya kuvunjika, glukosi ikiwemo. Maana'ke ile fuwele, yaani punje ya sukari, haikuyeyuka. Iliporomoka kwa sababu sukari yenyewe ilikuwa inavunjika vipande, na vile vipande, vikiwa ni uchafu ndani ya fuwele, vinazidi kuiporomosha. Wakapendekeza tuache kusema sukari inayeyuka, tuseme inaonekana kuyeyuka.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu usiku, mume wangu akadhani nasoma umbea.

Ila sikuimeza yote. Kuna watafiti wengine wanapinga, wanasema kuyeyuka kwa kweli kupo, shida ni kwamba sisi ni wazito. Kuna mashine siku hizi zinapasha sampuli ndogo kuliko punje ya vumbi kwa mamia na maelfu ya nyuzi ndani ya sekunde moja, na kwa kasi hiyo kuvunjika hakupati nafasi, fuwele inawahi kuwa maji kabla haijaharibika. Na mi naona hawa wana hoja. Kuna mbio mbili zinashindana humo ndani, kuyeyuka na kuvunjika, na anayeamua nani ashinde ni aliyeshika moto. Tena hata asili ya sukari inaingia, sukari ya miwa na sukari ya kiazisukari hazitoi grafu moja, ya miwa mara nyingi ina kilima kidogo kinachotangulia kile kikubwa, na sababu ni chembe chembe za vitu vingine zinazobaki kutoka kiwandani. Molekuli ni ileile.

Kwa hiyo ile 171 ya binti ilikuwa jibu la swali "ukipasha nyuzi moja kwa dakika unaona nini". Na 186 ni jibu la swali jingine, ambalo karatasi haikuliuliza.

Nilimpelekea mwalimu. Alinisikiliza, hakunibeza, akasoma mpaka ile herufi d. Halafu akasema kitu ambacho bado kinanikwaza: "Madam, mtihani wa taifa ukimuuliza, wewe hautakuwepo pale kumweleza msahihishaji." Ni kweli, sitakuwepo. Maksi mbili zile hakuzirudisha. Nilikasirika nikapoa nikakasirika tena, maana upande mmoja anawalinda watoto na mtihani, upande mwingine tunawafundisha kwamba ukiona kitu kwa macho yako na karatasi inasema vingine, futa ulichoona.

## Vinavyokataa kabisa

Baada ya hapo nikawa siwezi kuangalia kabati bila kujiuliza nani humu anayeyuka na nani anajifanya.

Magadi ya kupikia, sodiamu baikaboneti, yenyewe haina kiwango cha kuyeyuka kabisa. Inaanza kuachia kwenye nyuzi 50 hivi, kidogo kidogo, ukipita 100 inaenda kwa kasi, inatoa maji na kabonidaioksaidi, haibadiliki hata sura. Unga mweupe umeingia, unga mweupe umetoka. Macho hayakusaidii hapo, mizani ndo inasema: gramu 100 zinarudi 63. Kilichobaki ni sodiamu kaboneti na hiyo kuiyeyusha utahitaji nyuzi 851, tanuri letu halina ubavu huo.

Chokaa nayo, jiwe la matumbawe wanalochoma watu wa pwani, halitiririki, likikaribia 900 linatoa gesi yake linabaki chokaa nyepesi, karibu nusu ya uzito imeenda hewani. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1800 kuna bwana mmoja wa Scotland, James Hall, aliziba chokaa ndani ya mitutu ya bunduki akaipasha, gesi ikakosa pa kutokea, na akatoa kitu kilichoshikana kama marumaru. Mitutu mingine ilipasuka, hilo halishangazi.

Na hapa kwetu kuna kitu kinachonifurahisha kuliko vyote. Ol Doinyo Lengai, pale karibu na Ziwa Natron, ndo volkano pekee duniani hai inayomwaga lava ya kaboneti. Siyo mawe ya kawaida yanayotaka nyuzi elfu moja na mia na zaidi, hii inatiririka kwenye 500 na kitu hadi 600, nyepesi, mchana inaonekana nyeusi tu kama oili chafu, ikishapoa inanyonya unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Kaboneti za sodiamu na kalisi zikiwa pamoja zinashushana kiwango cha kuyeyuka, ile kanuni yetu ya uchafu, na hivyo zinawahi kuwa maji kabla hazijavunjika. Moja ya madini yake inaitwa nyerereiti, kwa jina la Mwalimu Nyerere. Ningependa hii iwe kwenye karatasi ya praktiko kuliko hiyo sukari.

## Kabla hujawasha moto

Kuna watu watasoma hapa watataka kujaribu kila unga ulioko nyumbani, naomba msifanye hivyo. Mbolea zenye naitreti, CAN na ndugu zake, usiziweke kwenye moto hata kidogo. Amonia naitreti kitabuni ina namba nzuri kabisa ya kuyeyuka, kama 170, ukiiangalia unaona ni kitu cha kawaida, na kwenye mia mbili na kidogo inaanza kuvunjika. Ikiwa nyingi na imebanwa mahali penye moto haivunjiki kwa upole. Bandari ya Beirut, Agosti 4, 2020, ilikuwa tani zipatazo 2,750 ghalani, moto ukatokea, zikalipuka.

Sisi tumeamua sukari ibaki, ila karatasi mpya ina safu mbili zaidi, moja ya kasi ya kupasha na moja ya "umeona nini", na hii ya pili ina maksi. Mwalimu alikubali safu ya kwanza haraka, ya pili tumevutana. Ameniuliza nitasahihishaje alichoona mtu. Nikamwambia sijapata jibu, ila kama mtu kaandika rangi na vipovu na wapi vilianzia, huyo alikuwepo.

Na tumeongeza urea ya mbolea, nyeupe, isiyochanganywa, kidogo sana kwenye bomba la majaribio, madirisha wazi. Hiyo inayeyuka kwenye 133 bila ubishi, maji safi unayaona, halafu ukiiongezea moto inaanza kutoa vipovu. Weka karatasi ya litimasi nyekundu iliyoloa mdomoni mwa bomba, inageuka bluu, amonia hiyo inatoka. Ukiendelea kidogo, yale maji yanaanza kuwa mazito na meupe tena wakati moto bado unawaka, kitu kinaganda kwa kupashwa, kwa sababu siyo urea tena, kitu kingine kinachoitwa baiureti kishaanza kujitengeneza humo. Ikipoa unaweza kuiyeyusha kwenye maji yenye kostiki soda, ukadondosha kopa salfeti kidogo, ikawa zambarau, hiyo ndo baiureti inajitaja.

Praktiko ni baada ya likizo. Litimasi nimeshaagiza, lenzi bado.